Dakika Nne, Sekunde Kumi na Moja

Nilipewa saa ya kubonyeza, penseli mbili,
na fomu za visanduku vidogo kama punje za mtama.
Kaa benchini, mahakama ya Lewiston, jimbo la Maine,
upime muda wakili wa umma anaompa
mtu asiye na senti ya wakili.
Sharti la kwanza: mtafiti haongei.
La pili: hakuna majina.

Januari. Makoti yaliyolowa theluji yananuka mbwa,
mabomba ya joto yanakohoa ukutani.
Bi. Thibodeau anaingia na faili ishirini na tatu kifuani
kama mwokota kuni aliyesahau kamba.
Hakai. Sijawahi kumwona amekaa.
Anasoma jina juu ya faili, analitamka vibaya,
anaomba radhi huku anatembea.
Nabonyeza.

"Wanasema uliiba hita. Ukikubali, ni faini, leo unalala kwako.
Ukikataa, unarudi ndani hadi Machi."
Kesi namba mia mbili na kumi na mbili
ana rangi ya dari kwenye nyusi.
"Ile hita," anasema,
na karani anaita jina jingine.
"Ile hita nili—"
"Fikiria. Narudi."
Nabonyeza.
Dakika nne, sekunde kumi na moja.

Hakurudi. Simlaumu;
nililiona tufaha lake la mchana,
limeng'atwa mara moja, limekaa juu ya faili, limegeuka kahawia.

Yule mtu akainama, akavua kiatu,
akatoa risiti ya duka la mitumba,
wino umefifia, dola kumi na mbili.
Akaninyooshea.
"Na wewe ni wakili?"

Nikatikisa kichwa.
Sharti la kwanza.

Mbele ya jaji alisema maneno mawili, "Ni kweli,"
na haikuwa kweli,
na fomu yangu haikuwa na pa kuliandika hilo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Tangu utotoni niliisikia methali hii kama huruma.
Usiku ule, nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
nikasikia inavyoanza:
kwanza, mnyongeni.

Mwezi wa tano tukawasilisha.
Wastani, dakika saba. Mstari wa buluu ukutani.
Mjumbe mmoja aliuliza kama sampuli inatosha,
mwingine aliuliza bei.
Dokta Pelkey akaweka mshahara wa wakili mmoja
kando ya gharama ya kitanda cha jela, usiku kwa usiku,
akanyamaza, akawaacha wapige hesabu wenyewe.
Mimi nilikuwa nyuma, nabadilisha picha.
Ya kumi na nne: nukta mia nne, kila nukta mtu.
Nilijua ipi ilikuwa na risiti kiatuni.

Niliomba kitu kimoja tu, kisanduku kipya:
Aliulizwa? Ndiyo. Hapana.
"Hicho hakipimwi kwa saa," alisema Dokta.
Nikamwambia najua.
Akakiongeza, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo.

Tuliomba mawakili wanne. Wakaajiri wawili.

Januari tena, benchi lile lile, mabomba yale yale na kikohozi chao.
Wakili mpya, tai imepinda, faili nane.
Mbele yake mama anatafuna uzi wa glavu.
Anavuta kiti.
Miguu ya chuma inalia sakafuni, ukumbi mzima unageuka.
Anakaa. Analaza simu kifudifudi.
"Nieleze," anasema. "Anzia unapotaka."

Mama anaitazama simu. Anakitazama kiti.
Anaanzia mbali, mbali sana na shtaka,
mwaka ambao maji yaliganda bombani na mumewe yuko hospitali,
na wakili haangalii mlango.

Nilipoitupia macho saa mkononi
ilikuwa bado sifuri.
Sikuwa nimebonyeza.